Misitu ni Mali: Lakini ni Mali ya Nani?

Mwaka 1980 Redio ilitangaza nchini kote kampeni ya elimu iliyopewa jina la "Misitu ni Mali". Vijijini, watu wazima walikusanyika kuisikiliza na kujadiliana, na mara nyingi aliyewaongoza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walijifunza kwamba mti si kuni tu na boriti ya nyumba. Mti ni maji ya kisima, ni rutuba ya shamba, ni kinga ya mvua na upepo. Somo lile lilikuwa la kweli, na bado ni la kweli. Lakini lilikuwa na nusu ya pili ambayo wakati ule haikuulizwa kwa sauti kubwa. Kama misitu ni mali, je, ni mali ya nani?

Swali hilo linafaa kuulizwa tena leo, na linafaa kuulizwa hapa Dodoma kabla ya mahali pengine. Miaka hii wageni wengi wanakuja na fedha kwa ajili ya misitu yetu. Wengine wanakuja na msaada wa kawaida. Wengine wanataka kununua kaboni, yaani hewa chafu ambayo miti yetu inaizuia isipande angani. Hatuna sababu ya kuwafungia mlango. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anayetaka kupona hana budi kujua nyumba ni yake, na kujua yaliyompata alipokaribisha wageni waliotangulia. Kwa bahati nzuri kumbukumbu hizo tunazo, tena za miaka zaidi ya hamsini.

Msafiri atokaye Dodoma mjini kuelekea Babati hupita nchi kame ya mibuyu na migunga. Akiisha kupita Kondoa na kukaribia Kolo na Bereko, huona milima imejivika misitu ya miombo. Misitu hii ya kaskazini ya Mkoa, pamoja na ile ya Babati na Kiteto iliyo ng'ambo ya mpaka katika Mkoa wa Manyara, ni hazina kubwa kwa uwanda wote wa kati. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, na kwa kawaida ni milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Nayo haiji polepole. Hunyesha kwa kishindo, siku chache, juu ya ardhi iliyokauka. Ikikuta miti na majani, huingia ardhini. Ikikuta udongo mtupu, huubeba na kuacha makorongo.

Makorongo ya Kondoa yalijulikana tangu enzi ya ukoloni. Wakoloni walijaribu kuyazuia kwa amri, nao waliondoka wakayaacha. Baada ya Uhuru wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wenzao wa Uppsala, Sweden, kupima mmomonyoko wa udongo nchini, na mwaka 1972 walitoa matokeo yao. Miongoni mwa mahali walipopima ni mabwawa ya karibu na Dodoma, kama Ikowa, Matumbulu na Msalatu. Jibu lilikuwa la kutisha: mabwawa yaliyojengwa kwa gharama kubwa yalikuwa yakijaa tope kwa kasi, kwa sababu vilima vilivyoyazunguka vilikuwa vimebaki uchi. Mwaka uliofuata, yaani 1973, ndio mwaka ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Mwaka huo huo ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, kwa msaada wa Serikali ya Sweden.

HADO ilifanya kazi ambayo haifai kudharauliwa. Ilianzisha vitalu vya miche, ilichimba makinga maji, ilipanda miti kwenye miteremko na kuziba makorongo. Lakini kadiri miche ilivyopandwa, mifugo ililiwa na njaa na kuitafuna. Ndipo mwaka 1979 ikatolewa amri nzito: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waondolewe katika eneo lililoharibika la Kondoa, eneo lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya mifugo yalihamishwa. Mwaka 1986 amri kama hiyo ilitolewa katika Tarafa ya Mvumi.

Ardhi iliitika. Katika miaka michache tu nyasi zilirudi, vichaka vikafuata, na visiki vilivyodhaniwa kufa vikachipua. Wataalamu kutoka nchi nyingi walikuja kutazama. Anayesema kwamba HADO haikufaulu hajaiona Kondoa ya kabla ya 1979.

Hata hivyo, ukweli una upande wa pili. Mrangi aliyeambiwa aondoe ng'ombe wake alipoteza maziwa ya watoto, samadi ya shamba, maksai wa kulimia na akiba ya siku ya dhiki, vyote kwa siku moja. Wengi waliwapeleka ng'ombe kwa ndugu na marafiki katika tarafa za jirani, na mzigo wa malisho ukahamia huko. Ufugaji wa ndani, wa kukata majani na kumlisha ng'ombe zizini, uliruhusiwa takriban miaka kumi baadaye. Na juu ya yote hayo, hakuna aliyemwambia mwananchi huyu kwamba msitu unaorudi juu ya kilima chake ungekuwa wake. Alijua tu kwamba ni wa Mradi.

Matokeo yake yalionekana msaada ulipokoma katikati ya miaka ya 1990. Magari yalipungua, mafuta yalipungua, walinzi walipungua, na mifugo ikaanza kurudi kidogo kidogo. Hakuna ajabu katika jambo hilo. Kitu kinacholindwa kwa fedha ya mtu mwingine hulindwa kwa muda ambao fedha hiyo ipo.

Hapa inafaa tuitazame kidogo nchi iliyotoa msaada huo. Sweden ni nchi ya misitu ya kaskazini ya dunia. Misitu imefunika karibu asilimia 70 ya ardhi yake. Lakini misitu hiyo haikuwa salama siku zote. Katika karne ya 19 ilikatwa ovyo kwa ajili ya mbao na mkaa wa kuyeyushia chuma, hata viongozi wao wakaogopa kwamba ingekwisha. Mwaka 1903 ilitungwa sheria iliyomlazimisha kila mwenye msitu anayekata miti kuhakikisha kwamba mingine inaota mahali pake. Wengi wa wenye misitu hao walikuwa wakulima, na hata leo karibu nusu ya misitu ya Sweden ni mali ya familia na watu binafsi. Mkulima wa huko hutunza msitu kwa sababu ni urithi wa watoto wake, na sheria inamkumbusha wajibu uendao pamoja na urithi huo. Haki na wajibu vilikaa mikononi mwa mtu mmoja. Hilo ndilo somo kubwa la misitu ya kaskazini ya dunia, na katika Kondoa ya 1979 ndilo somo lililosahauliwa. Tuliletewa fedha na wataalamu. Haki ya mkulima haikusafiri pamoja navyo.

Tunafurahi kusema kwamba somo hilo lilifika baadaye, nalo lilifika kwa njia ya wanakijiji wetu wenyewe. Kaskazini ya Kondoa, katika Wilaya ya Babati, kuna msitu wa miombo uitwao Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa takriban hekta 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuutangaza kuwa hifadhi yake. Mipaka ilianza kupimwa. Wananchi walipoona hivyo, walifanya kile ambacho mtu yeyote hufanya akiona mali yake inakwenda: wengi walikimbilia kukata na kuchoma mkaa kabla hawajazuiwa. Walinzi wachache wa Serikali hawakuweza kitu.

Baada ya majadiliano marefu, ambayo gharama zake zilisaidiwa na Sweden ile ile, Serikali ilikubali kujaribu njia nyingine. Vijiji vinane, navyo ni Ayasanda, Duru, Endanachan, Endagwe, Gidas, Riroda, Bubu na Hoshan, vilikabidhiwa msitu vijilindie vyenyewe. Kila kijiji kilichora mpaka wa sehemu yake, kikachagua kamati na walinzi, na kikatunga sheria ndogo: wapi pa kulisha, wapi pasiguswe, nani aruhusiwe kukata nini, na faini ya mkaidi ni kiasi gani. Halmashauri ya Wilaya iliidhinisha sheria hizo mwaka 1995. Uharibifu uliowashinda walinzi wa Serikali ulipungua upesi, kwa sababu sasa aliyekata mti usiku hakuwa akiiibia Serikali iliyo mbali; alikuwa akimwibia jirani yake.

Mfadhili alikuwa yule yule, na watu walikuwa wa uwanda ule ule. Kilichobadilika ni jibu la swali letu: mali ya nani?

Mfano wa Duru-Haitemba ulifuatwa na vijiji vya msitu wa Mgori mkoani Singida, na kisha na vijiji vya Kiteto vilivyounda hifadhi ya Suledo, jina lililotokana na Sunya, Lengatei na Dongo. Mwaka 2002, katika mkutano mkuu wa dunia uliofanyika Johannesburg, Suledo ilipata Tuzo ya Ikweta inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Nchi yenyewe pia ilijifunza kwa wanavijiji wake. Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliweka wazi kwamba kijiji kinaweza kutenga msitu katika ardhi yake, kuusimamia na kufaidi mapato yake. Hivyo ushirikiano wa kimataifa ulizaa tunda lililo bora kuliko magari na vitalu vya miche: ulizaa sheria, na sheria haiondoki na mfadhili.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba karatasi ya umiliki inatosha. Kijiji nacho kina watu wenye tamaa. Tumepata kusikia viongozi waliogawa msitu wa wote kwa wachache, na kamati zilizokula faini badala ya kuziandika. Huko Kiteto, mwaka 2014, damu ya wakulima na wafugaji ilimwagika katika mgogoro uliohusu eneo lililotengwa kuwa hifadhi ya jamii. Mpaka ambao mfugaji anautambua na mkulima hautambui si mpaka bado. Ni ugomvi unaosubiri msimu. Kwa hiyo kumpa mwananchi haki si mwisho wa kazi ya Serikali. Ni mwanzo wa kazi ngumu zaidi, kazi ya kuwapatanisha, kupima, kuandika, na kukagua.

Kazi hiyo ndiyo iliyo mbele yetu sasa, maana wageni wa kaboni wamekwisha kufika. Mwaka 2008 Norway, nchi nyingine ya misitu ya kaskazini, iliafikiana na Tanzania kufadhili majaribio ya kupunguza hewa chafu kwa kuhifadhi misitu. Moja ya majaribio hayo lilianza mwaka 2010 katika milima ya Kolo, kwenye hifadhi za Isabe na Salanga na misitu ya vijiji inayozizunguka. Vijiji vilisaidiwa kupanga matumizi ya ardhi na kuunda vyombo vya kulinda misitu, na wananchi walielezwa kwamba msitu uliosimama utaweza kuleta fedha. Lakini jaribio lilikuwa la miaka michache, na mti wa miombo hauhesabu umri wake kwa bajeti ya mradi. Ahadi ya soko ilikwenda kasi kuliko soko lenyewe.

Aidha, katika misitu mingi ya Serikali nchini, mikataba ya usimamizi wa pamoja kati ya vijiji na Serikali ilikaa miaka mingi bila kutiwa saini, kwa sababu mgawanyo wa mapato ulikuwa haujaamuliwa. Mwananchi alitakiwa kulinda leo na kuambiwa kesho atapata nini. Katika lugha ya kawaida huko hakuitwi kushirikishwa. Huko ni kufanyishwa kazi kwa mkopo.

Tangu 2022 nchi yetu ina kanuni zinazosimamia biashara ya kaboni, na kuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Hizo ni hatua njema. Lakini kanuni hutekelezwa na watu, na watu hao kwa sehemu kubwa ni wasomaji wa ukurasa huu. Kwa hiyo tunapendekeza kila mkataba wa msitu unaoletwa na mgeni, awe mfadhili au mfanyabiashara, upimwe kwa mambo matatu.

Kwanza, mkataba umtaje mwenye mali. Kama ni kijiji, basi Mkutano Mkuu wa Kijiji uwe umekaa, umesomewa mkataba wote kwa Kiswahili kinachoeleweka, na umekubali au umekataa kwa hiari. Saini ya Mwenyekiti na Afisa Mtendaji peke yao haitoshi.

Pili, mkataba useme mgeni akiondoka kitabaki nini. Mradi wa miaka mitatu unaolipa posho za walinzi kwa miaka mitatu umeahidi tu miaka mitatu ya ulinzi. Mradi unaoacha mpaka uliopimwa, sheria ndogo iliyoidhinishwa na mfuko wa kijiji wenye fedha umeahidi zaidi ya hapo.

Tatu, mkataba uonyeshe hesabu. Kila shilingi inayoingia kwa jina la msitu ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: imetoka wapi, Halmashauri imechukua ngapi, kampuni imechukua ngapi, kijiji kimepata ngapi na kimefanyia nini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Watumishi wa umma wa Dodoma wana dhamana ya pekee katika jambo hili. Mji wao umekua upesi tangu Serikali ilipohamia na tangu Dodoma ilipofanywa jiji mwaka 2018. Maji wanayokunywa kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Makutupora, na mkaa unaowapikia wengi wao chakula unatoka katika misitu ya mikoa hii hii ya kati. Afisa anayechelewesha mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kwa sababu faili liko chini ya mafaili mengine, ajue kwamba ng'ombe na panga havisubiri faili. Wala asidhani kwamba kijiji kikipewa haki yake yeye amepoteza cheo. Katika Babati, Bwana Misitu aliyeacha kuwa polisi wa msitu akawa mshauri wa kijiji alikuta kazi yake imeongezeka heshima.

Walimu nao wana lao. Shule nyingi bado zinawapikia watoto kwa kuni, na Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, agizo lililotakiwa kutekelezwa kuanzia 2024. Jiko la shule ni somo ambalo mtoto hulisoma kila siku bila kufungua kitabu. Tena mwalimu anaweza kuwafundisha watoto jambo ambalo halina gharama: kwamba chini ya shamba lililofyekwa kuna mizizi iliyo hai, na kisiki kinachochipua kikipunguzwa machipukizi na kulindwa huwa mti upesi kuliko mche wa kununua. Njia hii, ijulikanayo sasa Dodoma kama Kisiki Hai, inaenezwa na taasisi ya hapa nchini, LEAD Foundation, kwa kushirikiana na shirika la Uholanzi la Justdiggit. Mti wa namna hiyo unakua katika shamba la mtu mwenye jina, na hakuna anayeuliza ni wa nani.

Azimio la Arusha la 1967 lilitutahadharisha kwamba fedha za wageni haziwezi kuwa msingi wa maendeleo yetu. Halikusema tuwakatae marafiki. Sweden na Norway zimekuwa marafiki wa kweli wa misitu ya nchi hii, na yaliyoharibika hayakuharibika kwa ubaya wa nia yao. Yaliharibika pale sisi wenyeji tulipomwacha mwananchi nje ya mlango, tukajadiliana na mgeni juu ya mali yake.

Milima ya Kolo itaendelea kuwa na miombo, au itarudi kuwa makorongo. Uamuzi huo hautatolewa Stockholm wala Oslo. Utatolewa katika mkutano wa kijiji, na utategemea kama waliokaa katika mkutano huo wana hakika kwamba msitu wanaoulinda ni wao. Kumpa mwanakijiji hakika hiyo, kwa sheria, kwa hesabu na kwa maandishi, ni kazi isiyohitaji mfadhili. Ni kazi yetu, na tuifanye sasa.